Mwonjaji wa Ramadhani

Habari ya kifo cha Barasa nimeipata kwenye kundi la WhatsApp la watu tuliowahi kufanya kazi jiko moja, katikati ya picha ya keki ya mtu na tangazo la kitanda kinachouzwa Al Sadd. Mmoja kaandika apumzike kwa amani mtu wa mikate, wengine wakaweka vikono vya kuomba, na baada ya dakika chache watu wakarudi kwenye bei ya kitanda. Mimi nilikuwa nimekaa sebuleni kwangu Abu Hamour, hapa Doha, na kikombe cha kahawa. Mke wangu aliniuliza mbona imepoa na sijaigusa, nikamwambia kichwa kinauma. Namba ya mjane wake ninayo tangu jioni ile, mtu wa kundi alinitumia bila hata kumwomba. Siku nne nimeiangalia, sijapiga. Siyo kwamba sina la kusema. Ninalo, na nimelinyamazia tangu nikiwa na miaka ishirini na mitatu, na sasa ndevu zimeingia mvi.

Mwaka ule tulikaa chumba kimoja, Barasa na mimi, katika jengo la wafanyakazi papa hapa Abu Hamour, mitaa minne tu kutoka ninapoishi leo. Chumba cha vitanda viwili, dirisha limezibwa na kiyoyozi kilichokuwa kikilia usiku na mchana, na jiko la kushirikiana mwisho wa korido. Yeye Mbukusu wa Bungoma, Mkristo wa kwaya, mrefu, mikono mipana. Mimi Mzanzibari mwembamba niliyejiona najua kila kitu. Barasa ndiye aliyekuwa akipika. Mimi kwetu sikuwahi kuingia jikoni ila kuuliza chakula kimeiva au bado, na nilikuja Doha hivyo hivyo, nikafanywa mwokaji kwa sababu nafasi ya uhudumu ilikuwa imejaa. Alisonga ugali akaula na dagaa wakavu walioletwa na mtu kutoka Kisumu, na majirani wetu wa Kerala wakatugongea mlango kulalamikia harufu, naye akawakaribisha wale, na wawili wakala. Mkate uliobaki hotelini tuliruhusiwa kuuchukua. Nikiuchovya kwenye chai, kama tunavyochovya boflo nyumbani, Barasa alikuwa akigeuza uso upande wa pili. Alisema sijali kazi ya mikono ya watu. Yeye aliula mkavu, taratibu, amefumba macho.

Hoteli ilikuwa West Bay, ghorofa nyingi mno, na sisi tulikuwa chini kabisa, pasipo dirisha. Watu watano katika idara ya mikate, na juu yetu Shefu Etieni, Mfaransa mfupi mwenye nywele chache, ambaye dunia yake yote ilikuwa ni ile mikate mirefu ya kwao. Unga, maji, chumvi, hamira. Ukitia kitu cha tano, alituambia, umeoka kitu kingine, kitafutie jina lake. Mkate huo haulali. Wa asubuhi ukifika jioni umeshakuwa mgumu, ndiyo maana kwao mtu huenda kununua kila siku, na akitoka dukani huwa ameshaung'oa ncha, kiasi kwamba mke nyumbani hupokea mkate uliokatwa pua. Nilidhani anatia chumvi hadithi mpaka nilipowaona Wafaransa wa hapa Doha, watu wazima wenye suti, wakitafuna ncha kwenye lifti. Na si wao peke yao. Madereva wa Kihindi waliupenda na mayai. Wenyeji waliununua kwa ajili ya supu ya futari. Mkate wa watu wa mbali ukawa wa kila mtu, na mimi niliyeukanda nilijisikia fahari ambayo sikuwa nimeistahili bado.

Shefu alikuwa na desturi moja. Kila siku saa nne asubuhi tulisimama kuizunguka meza, anauvunja mkate mmoja wa siku ile, kila mtu ananusa, anatafuna, na anasema kilichokosekana. Aliyeoka ndiye aliyeanza kusema. Huwezi kusema tu ni mzuri. Ilibidi useme mzuri vipi. Barasa alikuwa bingwa wa kile kikao. Alinusa akasema maji ya leo yalikuwa ya moto kidogo, au unga umetoka gunia jipya, na Shefu akienda kuangalia anakuta ni kweli. Wote tulijua kwamba Shefu anafungua duka la mikate Al Sadd na kwamba Barasa ndiye atakayeliongoza. Karatasi zingesainiwa baada ya Idi. Na cheo kile kilikuja na kibali cha kuleta familia.

Hapo ndipo moyo wake ulipokuwa. Alikuwa na binti, Nafula, aliyezaliwa miezi mitano baada ya yeye kuondoka. Mtoto alikuwa amefika miaka mitatu, na baba hajamshika hata siku moja. Kila Ijumaa alinunua kadi ya kukwangua, akakaa kwenye ngazi za jengo, na mimi kutoka kitandani nilimsikia akimuuliza mke wake maswali yale yale: mtoto anakula nini, analala upande gani, akilia anaita nani. Siku moja nilisikia akimwambia kuna shule ya Wakenya hapa hapa Abu Hamour, ameipita kwa miguu na kuhesabu hatua kutoka geti hadi barabarani. Kisha alirudi chumbani akilaumu vumbi kwa macho yake mekundu.

Mwezi wa Shaaban alishikwa na homa. Wiki nzima pua imeziba, anatetemeka chini ya mablanketi mawili katika joto ambalo vyuma vya nje havishikiki. Akapona, akarudi kazini. Siku chache baadaye nilitoka kuoga nikakuta korido imejaa moshi. Barasa alikuwa jikoni, amekaa kwenye kiti kando ya jiko anasoma gazeti, na maziwa yameungua kwenye sufuria hatua moja kutoka puani kwake. Nilizima moto, nikamtania kwamba mapenzi ya simu yatatuchoma sote. Hakucheka. Aliinamia sufuria akavuta pumzi mara tatu, nne. Kisha akafungua kopo la chumvi, akatia kidole, akalamba, akalamba tena.

"Makame," akasema, "siskii kitu. Hii pua imebaki ya kushikilia miwani, na ulimi ni wa kuongea tu."

Daktari alimwambia inaweza kurudi kesho, inaweza kurudi mwakani, inaweza isirudi. Nilimshauri amwambie Shefu. Aliniangalia kana kwamba nimemshauri ajirushe. Angemwambia nini? Kwamba mtu anayepewa duka hawezi kutofautisha mkate na sponji? Alinishika mkono, mwanaume mkubwa vile, akaniomba nimfiche mpaka Idi tu, karatasi zisainiwe, Nafula apande ndege. Nikakubali. Wala sikukubali shingo upande. Nilimpenda yule mtu, na ninasema hivi nikijua mwisho wa haya ninayoyasimulia.

Mwanzoni tulifanikiwa. Kwenye kikao nilijitahidi kusimama ng'ambo yake, na tukawa na lugha yetu: nikishika aproni mambo sawa, nikishika sikio kuna kasoro. Kasoro yenyewe aliitafuta kwa macho na vidole, na kwa uzoefu alikuwa akiipata mara nyingi. Kisha Ramadhani ikaingia, katikati ya Agosti. Wanne kati ya sisi watano tulikuwa Waislamu. Kikao kikahamishiwa saa kumi alasiri, mikate ya futari inapotoka, na wa kuonja wakabaki wawili tu: Shefu na Barasa. Shefu alimpa cheo cha utani, mwonjaji wa Ramadhani, akampigia makofi mbele yetu. Nilimwona Barasa akitabasamu, na shingo imemtoka jasho.

Kunusa hakufunguzi, kwa hiyo niliendelea kuwa pua yake. Chumvi ndiyo ilikuwa na utata, maana chumvi hainusiki. Chumvi tuliiachia mizani. Tuliipima wawili, tukaitazama wawili. Usiku alinipikia uji wa pilipili manga, alijifunza kwa kuniuliza mama yangu anaupikaje, na mimi nikamjibu kwa kubahatisha. Alikoroga bila kuonja na kunitolea kijiko niseme. Mimi ndiye niliyekuwa nikifuturishwa na Mkristo asiyesikia ladha, na nilimringia kila mtu jengoni kwamba sijawahi kula hata siku moja mwezi huu tangu nibalehe. Niliringa kweli. Nilikuwa kijana mwenye dini ya kuhesabu.

Siku ya kumi na tisa hoteli ilikuwa na futari ya wageni mia tatu. Mkate ule una mtindo wake: unga na maji vinachanganywa kwanza, vinaachwa vipumzike, ndipo chumvi na hamira vinaingia. Nilipima chumvi. Unga ukiwa umepumzika, nikaenda kuswali adhuhuri. Niliporudi mashine inazunguka, Barasa amesimama kando, na bakuli la chumvi halipo mezani. Nikajua ameitia. Yeye alijua nimeitia mimi kabla ya kwenda. Hatukuulizana. Tuliulizana saa nzima baadaye, donge lilipoanza kunata mikononi na kupanda haraka kuliko kawaida, na kila mmoja akamwona mwenzake anabadilika rangi.

Palikuwa bado na nafasi. Donge likikosa chumvi unaweza kuliongezea na kulikanda upya. Likiwa nayo, ukiongeza umeliharibu. Kilichotakiwa ni ulimi mmoja. Tungemwita mtu wa jiko kuu, lakini ingebidi tueleze kwa nini mwonjaji anaazima ulimi. Barasa alinivuta nyuma ya rafu za unga.

"Onja," akasema.

"Nimefunga."

"Gusa tu na ncha ya ulimi, alafu uteme. Usimeze. Makame, nakuomba."

"Nimefunga, Barasa."

Alikuwa na kipande cha donge kati ya vidole viwili, amekiinua mpaka karibu na kidevu changu. Nilikasirika. Nakumbuka hasira ile kuliko kiu ya siku ile: huyu asiyejua hata rakaa ngapi tunaswali ananifundisha kinachofunguza na kisichofunguza. Nikautoa mkono wake usoni mwangu. Akanitazama kidogo, akasema sawa, umefunga, akarudi mezani akaanza kukata madonge. Aliamua kwa kubahatisha kwamba chumvi imo.

Mikate ilitoka myeupe, haikushika rangi ya kahawia kama siku zote. Saa kumi Shefu akashuka akisugua viganja, akavunja mmoja, akampa Barasa nusu. Walitafuna. Shefu aliacha kutafuna, lakini kwa desturi mwokaji ndiye anayeanza, kwa hiyo akangoja. Barasa aliinua macho akanitafuta. Nilikuwa na mikono miwili. Mmoja ungeweza kwenda kwenye sikio. Harufu haikuniambia kitu, rangi iliniambia, na yeye pia rangi alikuwa akiiona, ila alitaka mtu mmoja duniani athibitishe. Nilishika ukingo wa meza. Nilijiambia kwamba sina hakika, na asiye na hakika anyamaze.

"Iko sawa, Shefu," Barasa akasema. "Leo imetoka vizuri sana."

Shefu hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu. Alichukua mkate uliobaki wa asubuhi na huu wa alasiri, akavua ganda yote miwili ibaki nyama yake nyeupe, akampa vipande viwili, akamwambia kwa upole achague wenye chumvi. Barasa alitafuna cha kwanza muda mrefu. Akatafuna cha pili. Nilimwona akikunja uso akitafuta, jinsi mtu anavyopapasa ukutani taa ikizimika, kisha akanyoosha kidole. Alikosea. Shefu alimuuliza tangu lini, naye akajibu tangu Shaaban, jina la mwezi alilolijua kwangu. Mikate yote ikatupwa, madereva wakatumwa madukani kutafuta mikate ya Kiarabu, na wageni wakafuturu kwa hiyo bila kujua lolote.

Kesho yake nilipofika wa kwanza nilikwenda kwenye rafu ya hamira kuchukua pakiti. Bakuli la chumvi lilikuwa pale nyuma, nimelifunika kitambaa kwa mkono wangu mwenyewe kabla ya kwenda kuswali, ili lisiguswe. Chumvi yote, gramu kwa gramu. Nililimwaga kwenye sinki na kufungulia maji.

Shefu alijaribu kumwombea nafasi ya ghalani, lakini ofisi ilisema mtu aliyeficha ugonjwa jikoni hawezi kubaki. Walimpa siku nane. Katika siku zile nane Barasa hakunilaumu kwa neno moja, na hakunizungumzisha zaidi ya lazima. Alifunga sanduku, akalifungua, akalifunga. Juu kabisa aliweka viatu vyekundu vya mtoto alivyonunua kwa ajili ya barabara ya shule, ambavyo sasa angevipeleka mwenyewe. Na kila magharibi, sijui hata leo kwa nini, alinipikia uji, akaniwekea mezani, akatoka nje mpaka nimalize. Nilikula. Nilikuwa na njaa, nikala.

Siku ya Idi nilimpigia dada yangu Mwanaidi, Unguja. Kwa kujitetea, maana tayari nilikuwa nikijitetea kwa watu wasionishtaki, nilimsimulia jinsi Mkristo alivyotaka kunifunguza kwa donge la unga. Dada yangu alicheka. Alidhani namtania.

"Wewe Makame, kwani sisi huo mchuzi wa futari miaka yote tulikuwa tukiuotea? Mtu wa jiko huonja kwa ulimi akatema, saumu yake iko palepale. Mama alikuwa akifanya kila siku, hukumwona?"

Sikumwona. Ningemwonea wapi, na mimi jikoni nilikuwa nikiishia mlangoni? Kila mwanamke wa Kiislamu aliyewahi kupika Ramadhani analijua hilo, na wavulana wanaoletewa chakula ukumbini hatulijui. Nilikwenda kumuuliza imamu wa msikiti wetu, naye akanijibu vilevile, tena akashangaa mwokaji mzima hajui. Wiki ile ile Shefu aliniita ofisini. Duka la Al Sadd lilihitaji mtu, na mimi nilikuwa nimefundishwa na Barasa. Nikasaini. Kibali cha familia nilikitumia miaka sita baadaye, nilipooa, na wanangu watatu wamesoma hapa.

Harufu ilimrudia Barasa wiki tano baada ya kufika kwao. Alituma ujumbe hotelini kwa mtu mwingine, nao ukanifikia: ameamka asubuhi amesikia moshi wa kuni. Wiki tano. Wakati huo Shefu alikuwa bado anaagiza oveni za Al Sadd. Namba yake nilikuwa nayo, nikaandika, nikafuta, na nilifanya hivyo mwaka mmoja, na baadaye mwaka mmoja mwingine, kisha ikawa aibu ya kuchelewa imekuwa kubwa kuliko aibu yenyewe. Nilisikia anauza mahindi. Nilisikia hakuoka tena.

Leo nimepiga. Mke wangu amekwenda sokoni, nikajifungia chumbani. Mjane alipokea haraka, sauti ya mtu aliyepokea simu nyingi wiki hii. Nikamwambia pole, shemeji, mimi ni Makame wa Doha. Akasema walimzika Jumamosi, watu walikuwa wengi, kwaya iliimba. Nilisikia msichana akimuuliza ni nani, naye akamjibu ni mtu wa baba yako wa kule. Nikaona kama nisiposema sasa sitasema tena, nikasema yote bila mpango: chumvi, bakuli, rafu, mkono wangu juu ya meza. Nikamwambia sikujua kwamba inaruhusiwa kuonja. Naapa, shemeji, sikujua.

Hakulia. Alinieleza taratibu kwamba kabla ya Doha, Barasa alifanya kazi Mumias, kwa hoteli ya mama mmoja Mwislamu, na kila Ramadhani alimwona yule mama akionja na kutema.

"Alikuwa anajua, shemeji. Na alijua wewe unajua. Alikuwa anasema Makame alitaka hiyo kazi ya Al Sadd, basi Mungu amempa, tumwache. Amesema hivyo mpaka akaenda."

"Sikujua," nikasema. "Wallahi sikujua."

"Ungemwambia yeye," akasema. "Namba yake haijawahi badilika."

Kisha akaniambia nisubiri, maana kuna wageni mlangoni, akasahau kukata simu, nami nikabaki nikiwasikiliza wakikaribishwa.